Gesi ya AC kwenye magari ya zamani: R-12 iko wapi, R-134a bado ruksa? Maswali yanayorudi kila joto likipanda

Joto la Disemba mpaka Machi likishika Dar, Tanga na Mombasa, wenye magari ya zamani wote wanakumbuka kwamba gari lina AC na wote wanauliza vitu vilevile. Majibu ndo haya, yamekusanywa sehemu moja. Mafundi mtanisamehe pale nitakapowagusa.

Gari langu ni la 1991, fundi anasema linatumia R-12 na gesi hiyo "haipo tena duniani". Anatania?

Hatanii sana. R-12 ndo ile wazee wanaita Freon, na ndo ilikuwa gesi ya AC ya karibu kila gari kuanzia mwanzo mpaka miaka ya 90 mwanzoni. Ina klorini, na ikifika juu kule ile klorini inakula tabaka la ozoni. Wanasayansi Molina na Rowland walilisema hili mwaka 1974, watu wakawapuuza, 1985 Waingereza wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika imetoboka, na 1987 ukasainiwa Mkataba wa Montreal, wa kuachana na gesi zinazokula ozoni. Kenya iliingia 1988, Tanzania 1993. Nchi tajiri ziliacha kutengeneza R-12 mwanzoni mwa 1996, sisi nchi zinazoendelea tukapewa muda mpaka tarehe 1 Januari 2010. Kwa hiyo kiwanda kinachotengeneza R-12 mpya kihalali kwa ajili ya gari lako hakuna, siyo China, siyo India, popote.

Kilichobaki ni stoo za zamani na gesi iliyonyonywa kwenye mashine za zamani ikasafishwa. Ipo, ila ni kidogo na inapungua, na ukiiona bei yake utatamani upande bodaboda.

Ntajuaje kama gari langu ni la R-12 au R-134a (134a kwa kifupi), ile gesi iliyokuja baada yake?

Fungua boneti utafute stika, mara nyingi iko mbele karibu na rejeta au chini ya boneti lenyewe, imeandikwa aina ya gesi na kiasi chake kwa gramu. Stika imeng'oka? Angalia vichwa vya kujazia gesi. Vya R-12 vina nyuzi za kufungia kwa nje, vinafanana na valvu ya tairi, na ni vyembamba. Vya R-134a ni vinene, laini kwa nje, vya kubofya tu, na vimetofautishwa saizi, upande wa presha ndogo milimita 13 na upande wa presha kubwa 16, ili mtu asikosee.

Kwa magari ya Japani mengi yalihama kati ya 1992 na 1994, kwa hiyo la 1990 lichukulie ni R-12 mpaka uthibitishe, la 1996 lichukulie ni 134a. Tatizo ni kwamba gari la miaka 30 limeshapita mikono ya mafundi kumi na unaweza kukuta vichwa vya 134a vimefungwa juu ya mfumo wa R-12 na ndani kuna kitu cha tatu kabisa ambacho hakuna anayekikumbuka. Stika inakuambia kiwanda kiliweka nini. Kilichomo leo ni habari nyingine.

Je, nikiendesha gari lenye R-12 navunja sheria?

Hapana. Mkataba unabana kutengeneza na kuingiza, haumfuati mtu barabarani. R-12 iliyomo kwenye gari lako na inafanya kazi, acha ifanye kazi, na gesi iliyosafishwa tena haihesabiwi kama gesi mpya. Wanaobanwa ni waingizaji na wauzaji. Kenya kanuni za vitu vinavyodhibitiwa zilitoka 2007 chini ya NEMA (mamlaka ya mazingira), Tanzania nayo kanuni za vitu vinavyomong'onyoa ozoni zilitoka 2007 hiyohiyo, na pande zote mbili huwezi kuingiza mtungi wa gesi za namna hii bila kibali. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji siyo "ni orijino?", muulize kibali.

Ulaya ni wakali zaidi, kule kujaza R-12 kwenye gari ni marufuku hata kama imesafishwa, na imekuwa hivyo tangu miaka ya 2000 mwanzoni. Wenye magari ya kale kule wengi walishahamisha mifumo.

Kuna jamaa anauza mtungi mweupe, mpya, umeandikwa R-12. Nichukue?

Mtungi mweupe ndo rangi ya R-12, hilo yuko sahihi. Lakini rangi ni rangi tu, yeyote ana brashi. Jiulize, gesi ambayo haijatengenezwa kihalali zaidi ya miaka 15 imepataje kuwa na mtungi unaong'aa na karatasi mpya? Ama ni magendo, ama ndani siyo R-12. Mimi nisingegusa.

Nina ndugu Marekani, si anitumie tu?

Kule R-12 inauzwa kwa mtu mwenye cheti cha fundi wa AC za magari tu, wanaita cha kifungu cha 609, mtihani wake siyo mgumu na unafanyika mtandaoni. Kwa hiyo ndugu yako akiwa na cheti anaweza kununua kwa ajili ya gari lake la kule. Kukutumia wewe ni stori nyingine, hiyo ni kusafirisha nje bidhaa inayodhibitiwa kwa mkataba, inataka vibali pande zote mbili, na pia ni gesi yenye presha, kwenye usafirishaji ina namba ya bidhaa hatari UN 1028. Ukiificha kwenye begi la ndege utawaweka watu kwenye matatizo.

Kwa walio kule kule, 134a mnanunua wenyewe dukani kwenye kopo dogo chini ya ratili 2, na tangu 2018 kopo lazima liwe na valvu inayojifunga yenyewe. Mitungi mikubwa inataka cheti.

Basi nihamie R-134a. Inatosha kutoa ya zamani na kujaza mpya?

Hapa ndo watu wanaua kompresa (pampu ya AC), kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ishu kubwa siyo gesi, ni oili. Mfumo wa R-12 unatumia oili ya madini, na R-12 inachanganyika nayo vizuri, gesi ikizunguka inaibeba oili inairudisha kwenye kompresa. 134a haichanganyiki na oili ya madini. Ukijaza 134a juu ya oili ya zamani, siku za mwanzo AC inapoa unafurahi unamsifia fundi, kumbe oili imebaki imelala kwenye kondensa (rejeta ya AC kule mbele) na evaporeta (ile ya kupoza ndani ya dashibodi), kompresa inazunguka kavu, na kwenye R-12 hata ile klorini ilikuwa inasaidia kulainisha, sasa nayo haipo. Baada ya muda inakwama. Unaambiwa "kompresa ilikuwa imechoka". Haikuwa imechoka.

Kazi ya kweli inaenda hivi. Gesi ya zamani inanyonywa na mashine, haifunguliwi ikapuliza hewani. Oili ya zamani inamwagwa kadri inavyowezekana, kompresa inafunguliwa inamiminwa. Inawekwa oili ya esta, ambayo kwa gari la kuhamishwa inavumilia mabaki ya zamani kuliko PAG, ile oili nyingine ya 134a, PAG haipendi mabaki ya klorini na inanyonya unyevu kwa kasi, ukiacha kopo wazi kwa hewa ya Tanga umeshaiharibu. Draya, kile kichupa cha kunyonya unyevu, inabadilishwa, hii hakuna mjadala, kwa sababu zile punje za kukausha za draya ya R-12 hazifai kwa 134a. Oringi zote zilizofunguliwa zinawekwa mpya, zile za kijani mara nyingi ndo zinazofaa. Hozi kama ni zile za zamani zimepasukapasuka badilisha, molekuli za 134a ni ndogo zaidi na zinapenya kwenye mpira mzee. Halafu vakyumu, na siyo dakika tano za kuzugia, nusu saa kwenda juu, pwani ongeza, maana unatoa unyevu siyo hewa peke yake.

Mwisho kiasi. Usijaze gramu zilezile za stika. 134a inaingia kama asilimia 80 mpaka 85 ya uzito wa R-12, stika ikisema gramu 900 wewe unalenga 720 mpaka 765 hivi, kwa mizani. Fundi anayejaza kwa kushika bomba na kusema "imeshapoa hii" hajui ameweka ngapi. Vichwa vya 134a vifungwe na stika mpya ibandikwe kwenye boneti, imeandikwa gesi gani, oili gani, gramu ngapi. Hiyo stika ni kwa ajili ya fundi atakayekuja baada ya miaka minne na hamfahamiani.

Si nichanganye tu, R-12 iliyobaki nijazie 134a juu yake?

Usifanye. Zikichanganyika presha inapanda kuliko kila moja ikiwa peke yake, oili inavurugika, na ule mchanganyiko hausafishiki tena. Gereji yenye mashine nzuri wakigundua wanaweza kukataa gari lako, na wako sahihi, unawaharibia mtungi mzima.

Nimehamisha kila kitu vizuri ila nikiwa foleni ya Ubungo AC inapuliza upepo tu, nikitembea inapoa. Kwa nini?

134a inataka kondensa itoe joto zaidi kuliko R-12 ilivyotaka, na kondensa za zamani za mirija ya kujikunja hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ukitembea upepo unasaidia, ukisimama kwenye nyuzi 33 presha inapanda. Dawa ni feni ya umeme ya nyongeza mbele ya kondensa, au bora zaidi kondensa ya kisasa ya mirija bapa, mtaa wa Gerezani kwa wa Dar na Kirinyaga Road kwa wa Nairobi unapata ya kupachika. Kabla ya hapo safisha kondensa kwanza, nyingine zimejaa udongo na majani ya miaka. Na hakikisha haijajazwa kupita kiasi, maana dalili ni zilezile.

Fundi anasema ataweka R-22, ile ya AC za ukutani, inapoa zaidi na inapatikana.

Inapoa, ndiyo, mpaka ipasuke. Kondensa ikifika nyuzi 60, na foleni ya Januari inafika, 134a iko kama psi 230 (psi ni kipimo cha presha), R-22 iko karibu psi 340. Hozi na kompresa ya gari hazikujengwa kwa hiyo. R-22 yenyewe nayo ina klorini, nchi zetu zilitakiwa kupunguza asilimia 67.5 kufikia 2025 na 2030 inaisha, inabaki kidogo tu ya kuhudumia mashine zilizopo. Unahama kutoka gesi iliyokufa kwenda gesi inayokata roho. Na R-410A, ya AC za ukutani za kisasa, ndo usiitaje kabisa, presha yake ni kubwa zaidi ya hiyo.

Vipi gesi ya kupikia? Nimesikia inapoa kuliko zote.

Hili swali linaulizwa kwa kunong'ona lakini linaulizwa sana. Ukweli ni kwamba propani na butani ni gesi nzuri za kupoza, friji mpya ya jikoni kwako inaweza kuwa na isobutani ndani yake, zina madhara madogo sana kwa hewa, na Australia kuna watu wanatumia michanganyiko maalumu ya hizo gesi kwenye magari kwa miaka mingi. Kwa hiyo anayesema inapoa haongopi.

Ila friji inabeba gramu chache, zimefungwa kwenye bomba la chuma lililochomelewa kiwandani. Gari lako linabeba gramu mia mbili, mia tatu, kwenye hozi za mpira na oringi zinazotikiswa na mashimo ya barabara, na evaporeta iko ndani ya dashibodi, mbele ya magoti yako, kwenye kibanda kidogo kilichofungwa vioo kwa sababu AC iko on. Ikivuja pale, inahitaji cheche moja, ya relei, ya swichi ya feni, ya kiberiti. Tena gesi ya mtungi wa jikoni haijakaushwa kwa ajili ya AC, mchanganyiko wake wa propani na butani unabadilikabadilika, na ina ile harufu iliyowekwa makusudi. Marekani michanganyiko ya kuwaka ya namna hii ni kosa kuiweka kwenye gari la R-12. Na fundi mwingine atakayekuja kunyonya "134a" na mashine yake ya umeme hajui ananyonya nini. Kama gari lako limeshawekwa, mwambie kila fundi kabla hajashika spana.

134a yenyewe nasikia ni feki siku hizi. Ni kweli?

Ni kweli na hili ndo linanitia wasiwasi kuliko sheria zote. Mwaka 2011 makontena ya friji, yale ya kubebea samaki na matunda melini, yalilipuka, watu 3 wakafa, Vietnam na Brazil. Ilikuja kuonekana yalijazwa 134a feki ambayo ndani ilikuwa na R-40, yaani kloridi ya methili. R-40 ikikutana na aluminiamu inatengeneza kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa. Sasa kwenye AC ya gari ni nini siyo aluminiamu? Kompresa aluminiamu, kondensa aluminiamu, evaporeta aluminiamu.

Kipimo cha uhakika ni kile kifaa cha kutambua gesi, kinanusa kinakwambia asilimia ya kila kilichomo. Gereji kubwa zinapaswa kuwa nacho, ulizia. Kipimo cha maskini: acha mtungi kivulini usiku kucha, asubuhi pima joto na usome geji. 134a safi kwenye nyuzi 25 inasoma kama psi 82, kwenye nyuzi 30 kama psi 97. Ukikuta 158 kwenye nyuzi 30 hiyo ni R-22 imevaa shati la bluu, rangi ya mtungi wa 134a. Ukikuta iko juu kidogo inawezekana kuna hewa, ukikuta chini, kama 80, rudisha mtungi haraka. Ila kipimo hiki kinamkamata mwizi mvivu tu, anayejua kuchanganya anaweza kulenga namba. Pima na uzito pia, mtungi wa kawaida wa kutupa una kilo 13.6 za gesi bila chuma chake. Bei ikiwa nusu ya maduka mengine yote, umeshajibiwa.

R-134a nayo si inapigwa marufuku? Nisije nikahamisha halafu nikakwama tena.

Haipigwi marufuku, inapunguzwa taratibu. Haina klorini, ozoni haiigusi, lakini kilo moja inapasha dunia kama kilo 1,430 za hewa ukaa. Ndo maana Oktoba 2016 pale Kigali wakakubaliana kuziongeza gesi za namna hii kwenye Mkataba wa Montreal. Kwa kundi letu, Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, uingizaji uligandishwa 2024, yaani usizidi kiwango kilichowekwa, unapungua asilimia 10 mwaka 2029, 30 mwaka 2035, 50 mwaka 2040 na 80 mwaka 2045. Ndugu zetu wa Oman na Ghuba nzima wako kundi la pili, wao wanaganda 2028.

Hesabu ni ya jumla ya gesi zote kwa nchi, kwa hiyo 134a haitatoweka ghafla, itapanda bei kidogokidogo. Gari la 1991 ukilihamisha leo, mwili utaoza kwa kutu kabla 134a haijaisha.

Nimeagiza gari la 2018 toka Uingereza, fundi anasema halikubali vichwa vyake.

Hilo lina R-1234yf, gesi iliyokuja kuchukua nafasi ya 134a. Ulaya magari mapya yote tangu 1 Januari 2017 hayaruhusiwi kuwa na 134a, na mengine ya Japani ya miaka ya karibuni nayo yameshahama, angalia stika kabla hujalipia. Ni gesi ghali mara kadhaa ya 134a na inawaka kidogo. Mafundi wengi wanatoa adapta wanajaza 134a, na inapoa, Ulaya hairuhusiwi. Ukishafanya hivyo gari lina gesi tofauti na stika yake, turudi kule kwa yule fundi wa baada ya miaka minne. Kama umelazimika, angalau andika.

Haibridi je? Prius, Aqua?

Gesi ni ileile 134a kwa nyingi, ila oili ni tofauti kabisa! Kompresa ya umeme inataka esta yake maalumu isiyopitisha umeme. PAG kidogo tu iliyobaki kwenye hozi ya geji ikiingia mle, umeme wa volti nyingi unaanza kuvujia kwenye bodi ya kompresa, gari linawasha taa na linaweza kugoma. Na makopo ya "gesi na oili pamoja" kwenye haibridi weka mbali.

Kila mwaka najaza gesi, ni kawaida?

Hapana. Gesi ya AC hailiwi kama petroli, inazunguka humohumo. Ikipungua imevuja. Tafuta liki kwa rangi ya UV au sabuni, ziba, ndo ujaze.

Nina Mark II naikata skrepa, R-12 bado imo ndani. Niiachie tu?

R-12 inakaa angani kama miaka 100, kwa hiyo hapana. Tafuta fundi mwenye mashine ya kunyonya, wapo wachache wanaokusanya R-12 safi kwa ajili ya magari ya kale na friji za zamani, na anaweza hata kukupa chochote kwa hiyo gesi. Mwambie ukweli kama imewahi kuchanganywa. Kabla hujampigia, hakikisha AC bado ina presha, bonyeza ile valvu sekunde moja tu na kitu chembamba, ikiwa kimya kabisa basi ilishaondoka siku nyingi na unaweza kuita wa skrepa.